Mkono Ukutani

Nives alimwapia mumewe kwamba wangepanda treni ya saa kumi jioni, na kabla ya saa mbili usiku Fosca angekuwa mezani anakula. Aliapa huku anafunga vifungo vya koti la mtoto, bila hata kugeuka, kama mtu anayeapa kwamba kesho kutakucha.

"Wewe na mji wenu wa watu wenye mapezi," Bruno alisema.

"Mapezi yangu bado ninayo. Huyu wako ndiye wa kutiwa maji kidogo, labda naye yatamwota."

Bruno hakucheka. Alimvuta binti yake kofia ikafunika masikio, akasema tena, "Saa kumi, Nives."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Novemba, wiki ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, katika miaka ile ambayo milango ya chuma iliyokuwa ikijengwa baharini ilikuwa bado haijaanza kuizuia bahari isiingie Venisi. Nives alizaliwa humo, mtaa wa Castello, nyumba ya chini kabisa, binti wa fundi wa mashua. Aliolewa akiwa na miaka ishirini na miwili, akapandishwa milimani kwa watu wa ng'ombe na jibini, na kwa miaka kumi na sita tangu siku hiyo alikuwa amerudi mara moja tu, kumzika baba yake. Nyumba ikauzwa. Lakini kila jioni ya baridi alimsimulia Fosca habari za mji ule, mpaka mtoto akawa anaujua kwa majina: daraja hili, kisima kile, paka wa jirani fulani aliyekuwa akiiba samaki. Sasa Fosca ana miaka minane. Nives alitaka auone kwa macho. Na zaidi ya hapo, nisikufiche, alitaka mtoto amwone mama yake akiwa mwenyeji mahali fulani. Kule milimani hakuwahi kuwa mwenyeji. Kule aliitwa "yule wa majini" hata kanisani.

Walikuwa watatu safarini, kwa sababu mama mkwe, Assunta, alikuwa ametangaza tangu Alhamisi kwamba mtoto haendi penye maji bila yeye. Assunta ana miaka sabini, magoti mabovu na ulimi mzima.

Treni iliposhuka bondeni, ukungu ukaziba madirisha. Papo hapo Fosca, aliyekuwa amesimama akichungulia nje, akajibwaga chini katikati ya njia ya behewa, akakumbatia magoti na kutulia tuli. Abiria mmoja nusura amkanyage.

"Mtoto huyu ana nini?" abiria akauliza.

"Ukungu," Assunta akajibu, kwa fahari kama vile mtoto amesoma sala nzima bila kukosea. Kwao milimani mtoto hufundishwa hilo kabla ya kuhesabu. Ukungu ukishuka, usitafute nyumbani, wala usifuate sauti. Kaa chini hapo hapo ulipo, usiinuke mpaka mkono wa mtu ukuguse.

"Na kwa nini asifuate sauti?" Nives akauliza. Alikuwa amesikia habari hizo mara mia, lakini siku hiyo alikuwa na furaha ya uchokozi. "Mimi nikimwita mwanangu asije?"

"Sauti haipiti njia, mwanangu. Sauti inaruka korongo. Miguu haiwezi."

"Basi tunakokwenda, Mama, hakuna korongo. Tambarare kama meza."

"Haya," Assunta alisema, akageukia dirishani. "Haya."

Walifika saa nne asubuhi. Ukitoka kituoni unashuka ngazi, na maji hayo hapo, na mashua badala ya magari, na Fosca akapiga ukelele wa furaha mpaka watu wakageuka. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kusini. Ulikuwa na joto. Joto, mwezi wa Novemba! Nives alifungua koti lake akavuta pumzi, akaona anapokelewa. Baba yake angeunusa upepo ule mara moja tu na angekwenda kufunga mashua kwa kamba ya pili. Naye Nives alilijua hilo, lakini mtu akiwa na furaha, anayoyajua hukaa nyuma kama watumishi.

Wakaingia mkahawa mdogo kunywa kahawa ya kusimama. Mwenye mkahawa alikuwa amepiga magoti mlangoni, anapachika bamba la chuma kwenye mifuo ya mwimo, bamba la kuzuia maji, la kufika gotini. Ikawabidi waliruke. Assunta aliruka huku anamtaja Bikira Maria kwa kila goti.

"Watu wa wapi nyinyi?" mwenye mkahawa akauliza.

"Mimi wa hapa hapa. Castello," Nives alisema kwa lafudhi ya utotoni, akaisikia inavyomtoka kwa shida, kama pete iliyobana kidoleni.

"Castello!" Mwanamume akamtazama miguuni. Nives alikuwa amevaa viatu vizuri vya ngozi, vya kutembelea. "Na buti?"

"Nimeziacha nyumbani."

"Nyumbani wapi? Castello?"

Assunta alichekea ndani ya kikombe. Fosca naye akacheka bila kujua anacheka nini, na uso wa Nives ukapata moto.

Kisha king'ora kikalia. Kililia juu ya mapaa yote kwa pamoja, kikipanda na kushuka, mlio uleule wa zamani unaoonya kwamba bahari inakuja. Nives akatabasamu. "Umesikia, Fosca? Sisi tukiusikia huo hatukimbii. Maana yake tuna saa tatu nzima kabla maji hayajafika juu. Tunamaliza kahawa yetu."

Ila king'ora hakikuishia pale. Enzi za utoto wake kiliishia pale. Sasa kikafuata kitu kingine, mlio mwembamba kama kidole kinachosugua mdomo wa bilauri, ukapanda ngazi moja, ukapanda ya pili, ukapanda ya tatu. Mwenye mkahawa akainua vidole vitatu. Mkewe akajishika kiuno, akashusha pumzi, akaanza kupandisha mifuko ya sukari kutoka sakafuni hadi juu ya kaunta.

Tatu ni nini? Swali lilimfika Nives kwenye meno. Lakini alikuwa ameshasema yeye ni wa Castello, na mtu wa Castello hawezi kuuliza maana ya king'ora, ni kama kuuliza mlango wa kanisa uko wapi. Akalimeza.

"Vidole vile vya nini?" Assunta akamnong'oneza.

"Kahawa tatu, Mama. Anataka alipwe kahawa zake tatu."

Hilo tu. Mama mwenzangu, nimelitafakari neno hilo mara nyingi. Halikumgharimu hata pumzi.

Wakazunguka. Daraja kubwa la mawe lenye maduka mgongoni waliliona. Soko la samaki waliliona, wauzaji wanafunga mapema na kutupa barafu mferejini. Kwenye duka la vinyago vya sherehe, msichana alikuwa amesimama juu ya ngazi anahamishia vinyago vyote rafu za juu kabisa. Rafu za chini zilikuwa tupu. Nyuso nyeupe mia moja zilijipanga chini ya dari, zote zinatazama sakafuni kwa matundu ya macho.

"Wanatazama nini?" Fosca akauliza.

"Wanakutazama wewe, mgeni," Nives akasema, akamtekenya.

Mtoto alinunuliwa biskuti ya Mtakatifu Martino, kubwa kama sahani, umbo la askari juu ya farasi, imepakwa sukari na kubandikwa peremende za rangi. Akaapa hataila. Ataibeba vivyo hivyo mpaka nyumbani, baba yake aione. Akaishika kwa mkono wa kushoto, juu, mbali na koti, kama taa.

Uwanja wa San Marco waliufikia saa sita na nusu. Maji hayakuja kutoka baharini kama Fosca alivyodhani. Yalitoka chini. Kwenye matundu ya mawe yaliyowekwa ili maji ya mvua yashukie, maji yalikuwa yanapanda, yanachemka taratibu bila moto, yanatandaza vioo vidogo vidogo, na vioo vikaungana. Njiwa wote walikuwa wamehamia juu ya nguzo. Wageni walipiga picha. Mbao za kupitia, zile meza ndefu za miguu ya chuma, zilikuwa zimepangwa, na watu wanapita juu yake mmoja nyuma ya mwingine kama siafu.

Mchuuzi akawauzia mifuko ya plastiki ya rangi ya machungwa, ya kuvaa juu ya viatu na kufunga chini ya goti. Assunta alivaa yake akijitazama miguu. "Sabini nimefika, sasa nimekuwa bata."

"Bata wa milimani," Fosca akasema.

"Nyamaza, kifaranga."

Hapo ndipo Nives alipochuchumaa mbele ya binti yake, akamshika mabega. Uso wake ulikuwa mzito na mzuri, kwa sababu hili ndilo alilokuja kulitoa. "Sikiliza. Nikufundishe alichonifundisha babu yako Toni. Maji yakiwa juu, huoni barabara inapoishia na mfereji unapoanza. Yote yanakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo unaweka mkono ukutani. Unatembea, mkono ukutani, hauutoi kamwe. Sema."

"Mkono ukutani, siutoi kamwe."

"Na ukuta ukiisha?" Assunta akauliza.

Nives akacheka. "Mama, huu ni mji, si malisho. Hapa ukuta hauishi."

"Mimi sijaona kitu kisichoisha."

Kitu fulani kilipita nyuma ya kichwa cha Nives hapo, kama mtu aliyepita dirishani. Baba yake alikuwa na neno lingine baada ya lile. Alikuwa akilisema daima, yote mawili kwa pumzi moja. Lakini Nives hakuwahi kulihitaji utotoni, kila kona aliijua kwa kiganja, na neno lisilohitajika huanguka njiani. Alilitafuta kidogo, hakuliona, akainuka.

"Sasa twende tukaone nyumba," akasema.

"Sasa twende kituoni," Assunta akasema. "Umeyaona maji haya? Saa nzima iliyopita hayakuwapo."

"Madaraja manne tu kutoka hapa. Nusu saa, Mama. Nimekuja kwa ajili ya hiyo nyumba. Mengine yote yako kwenye kadi za posta."

Mpakani mwa Castello wakakuta wafanyakazi wanazipakia mbao za kupitia kwenye mkokoteni. Maji yalikuwa yamewafika wanaume wale nusu ya buti.

"Geukeni, mama," mmoja akasema. "Tunaziondoa."

"Mnaziondoa wakati maji ndiyo yanapanda?" Assunta akashangaa.

"Ndiyo sababu, bibi. Yakizidi hapa zinaelea, na aliye juu yake anaelea nazo."

"Mimi ni wa hapa," Nives alisema.

Mfanyakazi akamtazama mifuko ya rangi ya machungwa. "Wa hapa, na miguu umeifunga kama samaki wa sokoni?" Wenzake wakacheka. Kisha yeye mwenyewe akaacha mzaha. "Dada, leo ni tatu. Labda nne. Mrudishe mtoto."

Mtu mzima anarudishwa na maneno, lakini hakuna anayerudishwa na kicheko. Nives alimshika Fosca mkono, akaingia kichochoroni.

Nataka uelewe pale mahali palivyo. Kuna daraja dogo la mawe juu ya mfereji mwembamba. Ukishuka daraja unapita chini ya tao, unatokea kwenye kichochoro kimoja. Upande wa kulia kichochoro kinakwenda kwenye nyumba aliyozaliwa Nives. Upande wa kushoto kinakwenda hatua chache tu, kinakatikia majini, mfereji uleule unapokata kona, bila ukingo wala mnyororo, kwa sababu hapo ndipo baba Toni alipokuwa anafunga mashua. Kuna ngazi mbili za mawe zenye utelezi wa mwani, kisha kina. Watu wa mtaa hawakuona haja ya kuweka kizuizi. Nani asiyejua kwamba pale ni maji?

Juu ya daraja palikuwa pakavu. Assunta alishika ukingo, akakataa kushuka. "Magoti yangu yamefika mwisho wa nchi. Mwache mtoto hapa na mimi."

"Mtoto ndiye niliyemleta kuona."

"Fosca, baki na Bibi."

Fosca alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, biskuti juu. "Nataka kumuona paka," akasema.

"Paka alishakufa, mpenzi," Nives akasema. "Njoo."

Wakapita chini ya tao. Maji yalikuwa yamefika magotini kwa Nives, na mifuko ya plastiki ikajaa papo hapo, ikawa mizito kama watoto wawili wanaomng'ang'ania miguu. Maji hayakuwa na rangi. Kuta zilikuwa na rangi, anga ilikuwa na rangi, maji yalikuwa kimya tu, yanapanda.

Nyumba ilikuwa palepale. Mlango mpya, kengele mpya, jina la kigeni. Nives hakuutazama mlango. Alitazama mwimo wa jiwe, kwa sababu baba Toni alikuwa na desturi: kila maji makubwa yalipoingia, alichonga alama kwa patasi pale yalipofika. Alama zilikuwa zimepangwa kama vipandio vya ngazi, na akiwa mtoto Nives alizihesabu kwa vidole.

"Mama, miguu inauma kwa baridi," Fosca alisema. "Nataka kwa Bibi."

"Dakika moja."

"Mama."

"Tangulia basi. Taratibu. Mkono ukutani, usiutoe, mpaka kwa Bibi. Mimi niko nyuma yako."

Akausikia mkono wa mtoto unaanza kukwaruza ukuta, na maji yanapigapiga mapajani mwake. Akazamisha mkono wake mwenyewe kutafuta alama. Alama ya kwanza ilikuwa chini ya maji. Ya pili ilikuwa chini ya maji. Ya tatu, ambayo baba yake alikuwa akimwonyesha kama mtu anayeonyesha kovu la vita, nayo ilikuwa imezama. Vidole vitatu vya mwenye mkahawa. Ngazi tatu za king'ora. Nives alisimama pale na mkono umezama hadi kiwiko, anaelewa kwamba kila ngazi ilikuwa kimo cha maji, na wakati anaelewa maji yakaigusa alama ya nne, yakailamba, yakaifunika.

Ndipo akasikia kwamba hasikii tena kukwaruza.

"Fosca?"

Kichochoro kilikuwa kitupu. Juu ya maji, mfuko mmoja wa rangi ya machungwa ulikuwa unaelea, unazunguka polepole kwenye mdomo wa tao.

Nives akakimbia jinsi mtu anavyokimbia kwenye maji ya magotini, yaani hakukimbia. Akapita chini ya tao kuelekea darajani, kwa sababu kichwani mwake njia ilikuwa moja, ya kwa Bibi. Darajani Assunta alikuwa amesimama peke yake.

"Yuko wapi? Mama, yuko wapi?"

Assunta alikuwa ameingiza ncha ya kitambaa chake cha kichwa mdomoni, ameiuma. Akamshika Nives mkono kwa nguvu ya mtu anayeshika pembe za ng'ombe, akamgeuza.

Kando ya mfereji, hatua kama ishirini kutoka darajani, kichochoro kinapokatikia, Fosca alikuwa amesimama pembeni kabisa mwa ukuta. Mkono wa kushoto ulikuwa juu na biskuti. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye jiwe la mwisho la kona, unapapasa, unatafuta ukuta uzunguke, kama ukuta wa kila nyumba unavyozunguka. Alikuwa amelipita tao. Tao lilikuwa upande wa kushoto, naye alishika ukuta wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa na biskuti, na mama yake hakumwambia ukuta upi. Mbele yake maji yalikuwa yametandazwa sawasawa kutoka miguuni mwake mpaka darajani, barabara safi, pana. Tambarare kama meza.

Nives akavuta pumzi ya kuita, na kiganja cha Assunta kikamfunga mdomo.

"Usimwite," kikongwe akasema kwa pumzi. "Ukimwita atakuja. Njia ya kuja ni hiyo."

Na hapo, wakati halihitajiki tena, neno la pili la baba yake likamrudia Nives, zima, kwa sauti yake na harufu yake ya lami. *Mkono ukutani. Ukuta ukiisha, simama.*

"Nenda," Assunta akasema. "Zunguka. Umshike kwa nyuma. Nenda, mwanangu."

Nives akaenda. Lakini mtoto alikuwa ameshainua macho.

"Bibi!" Fosca akaita, uso wote umefunguka. "Nimekuona! Nakuja!"

Akautoa mkono ukutani. Akainua mguu.

"Ukungu!" Assunta alipaza sauti. Akajitupa chini juu ya mawe ya daraja, magoti yale mabovu yakalia kama kuni. "Ukungu, Fosca! Ukungu umeshuka!"

Fosca akabaki na mguu hewani. Akacheka. "Hakuna ukungu, Bibi!"

"Ukungu nakwambia! Mimi nimekaa! Wewe je?"

Mtoto akatazama anga safi, akatazama bibi yake amekaa chini kama mtoto mwenzake. Mguu ukarudi ulipotoka. Akakaa. Maji yakampanda mpaka kifuani, akashtuka kwa baridi, lakini hakuinuka. Akainua biskuti juu ya kichwa na kufumba mdomo, kama alivyofundishwa. Kwenye mfereji mashua ya injini ikapita, mwendeshaji wake hakuona chochote, na wimbi lake likaja bila haraka, likampiga Fosca kidevuni, likampiga mdomoni, likamtikisa, likamvuta mbele kidogo liliporudi. Kidogo. Kisha kidogo tena.

Mkono wa Nives ukamkamata kofia ya koti.

Alimvuta mpaka kwenye ukuta, akambana pale kwa mwili wake wote. Baadaye, mtoto akiwa begani, alinyoosha mguu mmoja pale Fosca alipokuwa amekaa, kuangalia. Mguu ulipata jiwe. Akausogeza upana wa kiganja. Haukupata kitu.

Treni ya saa kumi iliondoka bila wao. Walikaa juu ya daraja mpaka maji yalipoanza kushuka, wamembana Fosca katikati, wamemvika sketi ya sufi ya Assunta, na Assunta amebaki na ile ya ndani bila aibu. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Assunta aliuliza mara moja tu.

"Vile vidole vitatu. Havikuwa vya kahawa."

"Havikuwa, Mama."

"Ulijua ni vya nini?"

"Sikujua. Sikuuliza."

Kikongwe akatikisa kichwa, akaendelea kumsugua mtoto miguu. Askari wa biskuti alikuwa ameyeyuka hadi kiunoni. Farasi hakuwapo tena.

Bruno aliambiwa kwamba treni zilichelewa kwa sababu ya maji, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alimbeba binti yake hadi kitandani akashukuru kwamba siku imekwisha. Nives naye alidhani imekwisha.

Asubuhi alikuwa jikoni anakoroga uji wa mahindi ya njano aliposikia kitu kinakwaruza koridoni. Kiganja. Kilikuja polepole kando ya ukuta, kikapita mlango wa chumba cha Bibi, kikapita saa ya ukutani, kikafika mwisho wa ukuta, pale korido inapofungukia jikoni, kikanyamaza.

"Mama?" Fosca aliita.

"Niko hapa. Ingia, chakula tayari."

Hakuingia. Imekuwa hivyo kila asubuhi tangu siku hiyo, majira ya baridi yakapita, theluji ikayeyuka, na bado. Milimani kule, umbali wa saa tatu kutoka baharini, kwenye nyumba yenye sakafu ya mbao kavu. Mtoto anashika ukuta, na ukuta ukiisha anasimama. Shuleni anasimama. Kanisani anasimama katikati ya watu. Ukimwita haji. Sauti haipiti njia. Anangoja mkono wa mtu umguse.

Asubuhi moja mezani Bruno aliweka kijiko chini. "Hii kajifunza wapi? Kwa Mama yangu?"

Assunta alitazama sahani yake.

"Nusu kwake," Nives akasema. "Nusu kwangu. Yangu ndiyo ilikuwa haijakamilika."

Bruno alifungua mdomo kuuliza maana yake, na safari hii Nives alikuwa tayari kusema yote. Lakini aliinuka kwanza, haraka, akinyoosha mkono, kwa sababu pale mlangoni mtoto alikuwa bado amesimama, mguu mmoja hewani, anatazama sakafu iliyo mbele yake.